Bukavu: mtaji wa mpiga picha hauko kwenye kamera

Kijana wa Ibanda au Kadutu, hapa Bukavu, anayetaka kuishi kwa kupiga picha huanza na swali moja: Canon au Nikon? Jibu lake lina uzito mdogo kuliko anavyodhani. Kinachomtenga na mteja wa kulipa ni mwanga, umeme na kadi za kuhifadhia, na humo ndimo dola zake zinapaswa kwenda.

Tuanze na soko lenyewe. Mpiga picha wa kutembea, aliyekupiga picha barabarani kisha akakuletea karatasi baada ya siku mbili, ameuawa na simu, wala hatafufuka. Zilizobaki ni kazi ambazo simu haijaziweza: harusi na sherehe ya mahari, komunyo ya kwanza, wanachuo wanaokabidhiwa shahada, mashirika yanayotaka picha za miradi yao, na picha ndogo za pasipoti na vyeti. Harusi ndiyo mfupa wenye nyama. Asubuhi ni kanisani, mchana bustanini kando ya ziwa, usiku ukumbini, na sehemu mbili kati ya hizo tatu zina giza.

Ndiyo maana lenzi inayokuja na kamera ya bei nafuu, ile ya milimita 18 hadi 55, inamwangusha mwanafunzi mbele ya altare. Ikivutwa hadi mwisho, mlango wake hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Canon walipoitoa ya kwao ya STM mwaka 2015 waliiuza dola 125 hivi, na sioni kifaa kingine kinachorudisha fedha haraka kama hicho. Kasoro yake ni kwamba kwenye kamera za kihisi kidogo huona kwa wembamba, kana kwamba ni ya milimita 80. Sebuleni Kadutu, ukoo mzima hautaenea. Kwa hiyo ile ya 18-55 isiuzwe. Kinachofuata ni flashi moja ya Yongnuo au Godox, ambayo hupatikana kwa chini ya dola 100. Iinue uelekeze mwanga kwenye dari nyeupe, na nyuso za wageni hazitang'aa kama sahani.

Umeme ni habari nyingine. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapo hapo mjini, na mabwawa yake mawili, Ruzizi I la mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II la 1989, yanazigawia umeme pia Rwanda na Burundi. Hata hivyo mitaa hukaa gizani, na takataka za plastiki zinazoelea ziwani zimewahi kuziba mitambo ya Ruzizi I. Anayesoma matangazo ya kamera mpya zisizo na kioo cha ndani na asome pia idadi ya picha kwa betri moja. Sony a6000 ya mwaka 2014, isiyo na kioo, imekadiriwa picha 360 hivi. Canon 1300D, yenye kioo, ni 500. Nikon D3500 ya mwaka 2018, ambayo watu wa Ulaya wanaiona ya kizamani, ni 1,550. Kwa mji wetu hesabu hiyo inamaliza ubishi: kamera ya kioo iliyotumika bado ina miaka mingi ya kazi hapa. Ongeza betri mbili za akiba na chaja ya USB inayokubali pawabenki au paneli ya sola, maana bibi harusi hasubiri shirika la umeme, SNEL.

Kadi za memori zinawaponza wengi. Sokoni kuna kadi bandia zilizoandikwa GB 128 huku ndani zikibeba sehemu ndogo tu. Picha huingia, kisha hazifunguki. Programu ya bure ya H2testw huzifichua kwenye kompyuta, ingawa kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Mimi ningenunua kadi nne za GB 32 badala ya moja kubwa, kila moja ikitosha picha ghafi elfu moja hivi, ili ikipotea moja isipotee harusi yote. Usiku ule ule picha zinakiliwa mahali pawili.

Kamera zilizotumika hufika kutoka Dubai, Kampala, Kigali au Dar es Salaam, na mnunuzi hulipa dola zisizo na hata mpasuko mdogo pembeni, la sivyo zinakataliwa. Kabla ya kulipa, uliza shata imebofywa mara ngapi. Canon 5D Mark II, kipenzi cha wapiga picha wa harusi tangu 2008, ilijengewa mibofyo 150,000, na nyingi zilizoko sokoni zimefanya kazi hiyo kwa watu wengine. Kisha mulika lenzi kwa tochi. Nyuzi nyeupe kama utando ni kuvu, na msimu wetu wa mvua, Septemba hadi Mei, huilisha vizuri. Vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyotupwa pamoja na maboksi ya viatu, vinastahili kukaa kwenye begi la kamera.

Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, hesabu zimeharibika zaidi. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukaacha kupokea abiria, na noti zikaadimika. Malipo ya awali kwa Airtel Money au M-Pesa yamekuwa ngao ya mpiga picha, na asiyeyadai anajiweka hatarini. Hata programu za kusafishia picha zimeguswa: Lightroom hulipiwa kila mwezi kwa kadi ya benki, ilhali darktable ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta.

Anayeona harusi inamzidi mtaji aanze na picha za pasipoti: kamera yoyote, shuka jeupe, dirisha kubwa, na printa ya matangi ya wino kama Epson L805. Faida ni ndogo kwa kila kichwa, ila vichwa haviishi.

Drone iachwe kabisa. Hata kwa kamera ya mkononi, daraja la Ruzizi, mpaka, kambi na watu wenye silaha havipigwi. Kitu kinachoruka juu ya mji ulio vitani hakitaulizwa kama kinafuata maharusi.