Mtoto wa Dago Naye Achanjwe

Kaskazi ikiingia na bahari ikatulia, wavuvi kutoka Pemba hurudi tena katika pwani ya Malindi na Kilifi. Hupiga dago: huweka kambi ufuoni wiki au miezi wakifuata samaki, kisha hurejea kwao au husonga mbele. Wengine hawakurejea. Walioa, wakazaa, wakazika wazee wao hapa hapa, na wajukuu wao walio katika kijiji cha Mayungu hawana kwao kwingine. Hata hivyo, kwa miongo mingi walihesabiwa kuwa wageni, hawana kitambulisho cha Kenya wala cha Tanzania.

Dhuluma hiyo ina historia yake. Hadi 1963 ukanda huu wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na anayetoka Pemba kuja Takaungu alikuwa anatembea ndani ya himaya moja. Mpaka ukachorwa, yeye akabaki upande huu bila karatasi. Ni tarehe 28 Julai 2023, pale Kilifi, Rais William Ruto alipoikabidhi jamii ya Wapemba, watu wapatao 7,000, hati za uraia.

Karatasi na afya zinahusianaje? Asiyekuwa na kitambulisho hakuweza kujiandikisha kwenye bima ya taifa ya afya, NHIF. Mama mwenye hofu ya kuulizwa maswali hujifungulia nyumbani, na mtoto aliyezaliwa nyumbani hukosa kwa urahisi chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio ambayo hutolewa mara tu baada ya kuzaliwa. Hofu hiyo hiyo humzuia mama kurudi kliniki wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne.

Wako watakaosema hilo ni tatizo la Wapemba wenyewe. Utafiti uliofanywa Kilifi unawajibu. Mnamo Januari 2011 Kenya ilianza kutoa chanjo ya nyumokokasi, bakteria wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kilifi, watoto wote wa chini ya miaka mitano walipewa nafasi ya kuchanjwa, na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wakafuatilia yaliyotokea. Matokeo yalichapishwa 2019: miongoni mwa watoto wa umri huo, magonjwa makali yanayoletwa na aina za bakteria zilizolengwa na chanjo yalipungua kwa asilimia 92.

La ajabu zaidi, yalipungua pia kwa wasiochanjwa: vichanga ambao hawajafikia umri wa sindano ya kwanza, na watu wazima. Bakteria hawa hukaa puani na kooni mwa watoto wadogo, mara nyingi bila kuwadhuru, na kutoka hapo huwaambukiza wengine. Chanjo huwapunguza hapo hapo wanapokaa, na maambukizi yakakosa njia. Hii ndiyo kinga ya jamii. Chanjo ya mtoto wa mvuvi humlinda pia bibi wa jirani ambaye hajawahi kuchomwa sindano hiyo.

Kinga hiyo ina udhaifu mmoja. Chukua surua: mahali pasipo na kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, ndiyo maana tunahitaji asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Kaunti inaweza kujivunia wastani mzuri huku dago moja likiwa na watoto ambao hawajachanjwa hata mmoja. Virusi havisambai kwa wastani. Vikifika dagoni, vitawaka humo, kisha vitaingia kijijini kutafuta kila mtoto aliyerukwa.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Chanjo za kawaida za watoto hutolewa bure katika zahanati za serikali. Kwa matibabu mengine hali ni ngumu zaidi: tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na mlango wa kuingilia ni usajili. Wapemba waliopata vitambulisho sasa wanaweza kuupita. Familia iliyowasili msimu huu bado iko nje.

Kwa maoni yangu, zahanati isisubiri familia hizo zije. Viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, ndio wanaojua dago limepigwa wapi na lina watu wangapi. Wakimpigia simu muuguzi, na muuguzi akafika na kisanduku cha chanjo siku ambayo wavuvi hawaendi baharini, kazi nyingi itakuwa imekwisha. Mhudumu wa afya ya jamii naye ahesabu kila nyumba, ikiwemo ya makuti iliyojengwa juzi.

Na wewe mama uliyekuja na kadi ya kliniki kutoka Pemba, usiitupe. Ratiba ya chanjo ya Tanzania na ya Kenya hufanana sana: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, kisha surua miezi tisa na miezi kumi na minane. Mtoto huendelea pale alipoachia, haanzi upya. Kadi ikiwa imelowa au imepotea, mpeleke hivyo hivyo.