Chaka au Mzunguko? Istilahi za Polo na Viatu Vyake

Kutoka Kitisuru hadi uwanja wa polo wa Jamhuri Park, Barabara ya Ngong, si mbali. Msamiati wa mchezo huo, hata hivyo, umesafiri mno. Neno polo lina asili ya Kibalti, kwa maana ya mpira. Kipindi cha takriban dakika 7 huitwa chukka, kutokana na neno la Kihindi chakkar, yaani mzunguko. Jina hilo limepewa pia viatu vya ngozi vinavyofika kifundoni, vyenye jozi 2 au 3 za matundu ya kamba.

Je, Kiswahili kiseme nini? Kutohoa matamshi ya Kiingereza kunaleta 'chaka', neno ambalo tayari lina maana ya msitu mdogo. 'Mzunguko' ni bora: linahifadhi maana ya asili, na wapenzi wa soka wamekwisha kulizoea katika ligi. Kuhusu viatu, Wakenya hawana haja ya kukopa. Vinavyofanana navyo, vinavyohusishwa na kiwanda cha Bata cha Limuru, huitwa safari buti. Hapo Kiswahili ndicho kilichokopesha. Hivyo basi, mwanaistilahi hana budi kuchunguza asili ya neno na mazoea ya wasemaji kabla ya kutohoa.