Bunge na Mipaka Yake: Fundisho la Kesi ya Mgombea Binafsi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi Waingereza, wasio na katiba iliyoandikwa katika hati moja, walivyolifanya Bunge lao kuwa na kauli ya mwisho juu ya sheria. Kwetu Tanzania msingi ni mwingine. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inatamka kuwa mamlaka ya nchi ni ya wananchi, na Ibara ya 64(5) inabatilisha sheria yoyote inayokiuka Katiba. Bunge letu, basi, ni msimamizi wa shamba, si mwenye shamba. Lakini Ibara ya 98 inawaruhusu wabunge kuibadili Katiba yenyewe kwa theluthi mbili ya kura. Je, msimamizi aweza kujiandikia upya mkataba wake?

Swali hilo lilijitokeza waziwazi katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Oktoba 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kuwa raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Desemba mwaka huohuo Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na mlango ukafungwa. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema mahakama haina uwezo wa kufuta ibara ya Katiba, na kwamba jambo hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliona kuwa haki zake zimevunjwa. Hata hivyo, uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulifanyika sharti la chama likiwa palepale.

Wako wanaopinga wazo la mahakama kuzuia mabadiliko yanayobomoa msingi wa Katiba, wakiuliza: majaji ambao hawakupigiwa kura wawazuieje waliochaguliwa? Hoja hii ina uzito, ila inasahau kwamba wabunge walioamua nani asigombee walikuwa wenyewe wamedhaminiwa na vyama. Mwenye masilahi katika shauri hawezi kuwa mwamuzi wake wa mwisho. Wengine wanahofu kwamba majaji wataiita kila ibara msingi wa Katiba. Dawa ya hofu hiyo ni kuuweka mpaka kuwa mwembamba, kama ilivyokusudiwa India mwaka 1973, majaji saba kati ya kumi na watatu walipoamua kuwa Bunge laweza kurekebisha Katiba bila kubomoa nguzo zake. Haki ya raia kuchagua na kuchaguliwa ni nguzo ya namna hiyo, kwani ndiyo inayolizaa Bunge lenyewe. Wiki ijayo tutaipima kura ya maoni: je, wananchi wenyewe nao wana mpaka?