Zahanati yako inahitaji taratibu ngapi zilizoandikwa?

Ukimpeleka mtoto kliniki Soni, Mlalo, Mtae au Bumbuli, mwezi huu unaweza kuhudumiwa na muuguzi mmoja, na mwezi ujao ukamkuta mwingine. Wahudumu huhamishwa, huenda likizo, huenda mafunzoni. Mtoto wako anastahili huduma ileile, awe nani zamu. Ndiyo sababu vituo vya afya huandika taratibu za kazi: karatasi inayoeleza kazi fulani inafanywaje, hatua kwa hatua, na nani anawajibika.

Swali ambalo wahudumu na kamati za zahanati hujiuliza ni hili: tuandike taratibu ngapi? Jibu linakuhusu wewe pia, mama au mlezi, kwa sababu karatasi hizo zinamlinda mtoto wako pale tu zinapotumika.

Hakuna idadi maalumu

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora kinachoitwa ISO 9001, katika matoleo ya mwaka 2000 na 2008, kilidai taratibu 6 zilizoandikwa. Toleo la 2015 liliondoa idadi hiyo. Sasa kila taasisi inatakiwa kupima yenyewe: ni maandishi gani yanahitajika ili kazi ifanyike vizuri kila siku? Zahanati ndogo yenye wahudumu wachache haihitaji majalada sawa na hospitali ya rufaa.

Hapa Tanzania, hospitali na vituo vingi vinafuata mpango wa S tano, ulioanza katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusanifisha maana yake ni kukubaliana njia moja ya kufanya kazi. Kushikilia maana yake ni kuifuata kila siku, hata asipokuwepo msimamizi.

Kwa nini nyingi si lazima ziwe bora

Muuguzi aliye peke yake usiku na mama anayejifungua hana muda wa kupekua jalada la kurasa 200. Karatasi zikizidi, hakuna anayezisoma, na ile muhimu hufichwa na zisizo muhimu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Ina mambo 19 tu, yote kwenye ukurasa mmoja, na husomwa kwa sauti mbele ya timu nzima. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo haikufundisha upasuaji mpya. Ilihakikisha kwamba hatua ambazo kila mtu anazijua hazirukwi.

Maswali 4 ya kuamua

Kabla ya kuandika utaratibu, kituo kijiulize:

1. Kazi hii ikikosewa, mtu anaweza kudhurika?
2. Inafanywa na watu tofauti, au inakabidhiwa kutoka zamu moja hadi nyingine?
3. Inatokea mara chache kiasi kwamba hatua zake zinaweza kusahaulika?
4. Sheria au Wizara ya Afya inadai iandikwe?

Likiwepo jibu la "ndiyo", iandikwe. Yote yakiwa "hapana", mafunzo na usimamizi wa kawaida vinatosha.

Kwa maswali haya, zahanati ya milimani itaona haraka mambo ya kuanza nayo:

- Friji ya chanjo. Joto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na liandikwe mara mbili kwa siku. Umeme au gesi ikikatika, chanjo zinahamishiwa wapi, na nani anazihamisha? Kumbuka kwamba baridi kali nayo huharibu baadhi ya chanjo, kama ile ya pepopunda.
- Mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Anatakiwa kusaidiwa ndani ya dakika 1 ya kwanza, hivyo hatua zibandikwe ukutani pale pale anapozaliwa.
- Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, au mwenye kifafa cha mimba.
- Rufaa. Nani anapiga simu, gari linatoka wapi, na itakuwaje mvua za masika zikiharibu barabara?
- Sindano zilizotumika. Kisanduku chake kifungwe kikijaa robo tatu, kisisubiriwe kifurike.

Namna ya kufagia uwanja haihitaji waraka.

Wewe unaweza kufanya nini

Zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Muulize mwakilishi wako maswali haya:

- Utaratibu wa rufaa upo, na wahudumu wote wanaujua?
- Karatasi zilizobandikwa zilipitiwa lini mara ya mwisho? Namba ya simu ya dereva aliyehama miaka 2 iliyopita haimsaidii mtu.
- Maelekezo kwa wazazi yanatolewa kwa lugha inayoeleweka? Bibi anayelea mjukuu na anayesikia Kisambaa vizuri kuliko Kiswahili aelezwe kwa Kisambaa, kisha aombwe kurudia alichoelewa.

Kuuliza si kumkosea heshima mhudumu. Muuguzi anayejua kazi yake atakueleza.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo

Wewe ukienda shambani au sokoni, nani anabaki na mtoto? Kama ni dada yake, shangazi au bibi, maswali yale 4 yanafaa na kwako. Huhitaji kuandika namna ya kumwogesha mtoto. Andika mambo matatu tu, uyaweke pamoja na kadi ya kliniki:

1. Dawa anayotumia: jina, kiasi, saa na siku ya kumaliza. Mtoto mwenye kuhara aliyepewa zinki anatakiwa kuinywa siku 10 hadi 14, kama alivyoelekezwa na mhudumu, hata kuharisha kukikoma mapema.
2. Maji ya ORS: pakiti moja inachanganywa na maji kiasi gani. Pakiti nyingi ni za lita 1, lakini zipo ndogo, kwa hiyo soma pakiti yenyewe. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.
3. Wa kumpigia simu: mwenye bodaboda au gari anayekubali kuja usiku, zahanati, na jirani wa kubaki na watoto wengine.

Kama anayebaki hajui kusoma, mwonyeshe kwa vitendo, naye akuonyeshe.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja iwapo:

- hawezi kunyonya au kunywa
- anatapika kila kitu
- amepata degedege
- amelegea sana au hazinduki

Dalili hizi kila anayemlea mtoto azijue kwa moyo. Akiona hata moja, asingoje kutafuta karatasi wala kukusubiri urudi.