Mafuta Yaliyozama

Watoto wa kidato cha kwanza B waliniapia kwamba mafuta yataelea. "Mwalimu, mafuta huelea hata kwenye mchuzi wa pweza," alisema kijana wa dawati la nyuma, na darasa zima likamuunga mkono. Sikuwabishia. Juu ya jiko la gesi nilikuwa nimeteleka sufuria ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na maji, mfuniko nimeuziba kwa donge la unga wa ngano ili mvuke usitoroke. Kwenye mfuniko nilichomeka bomba jembamba la shaba nililolitoa katika friji mbovu, nikalipitisha ndani ya ndoo ya maji baridi, ncha yake nikaikingia chupa safi. Tukasubiri. Yakaanza kudondoka maji meupe kama tui jepesi, na harufu ikajaa chumba hadi watoto wa darasa la jirani wakaja kuchungulia madirishani. Muda ukapita. Halafu chini kabisa ya chupa likaonekana tone la rangi ya samli, dogo kama punje ya mtama. Likaja la pili, likateremka polepole ndani ya yale maji na kujiunga na mwenzake.

"Yamezama!"

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Watoto hawa wamekulia chini ya mikarafuu. Wamechuma, wamechambua, wameanika na kuanua mvua inapotishia, wanaijua mpeta, karafuu iliyoharibika, kwa kuinusa tu. Lakini mafuta yenyewe yakishuka ndani ya chupa hakuna aliyekuwa ameyaona kabla ya siku ile.

Mimi ni mwalimu wa kemia, mzaliwa wa Mgogoni, hii yetu ya kaskazini ya Pemba, maana iko Mgogoni nyingine upande wa Chake Chake na wageni huzichanganya. Nimefundisha skuli za serikali kwa miaka 22. Msomaji wa Bara anipe ruhusa nitumie neno letu: sisi hatuna shule, tuna skuli, na bweni letu ni dahalia.

Ukishuka kwenye gari ya Konde, utaiona skuli yetu kabla hujaonyeshwa. Ni mabanda marefu matatu yaliyoezekwa mabati, yamepangwa yakauzunguka uwanja wa udongo mwekundu, na upande wa nne umeachwa wazi kwa upepo na kwa njia ya mkato inayoingia mashambani. Katikati upo mwembe, na kwenye tawi lake imening'inizwa rimu ya gari ambayo ndiyo kengele. Banda la mwanzo wamelijenga wazee wetu. Kwa desturi ya Zanzibar, wanakijiji hukusanya mawe, mchanga na nguvu zao, wakainua kuta, kisha serikali ikaezeka na kumalizia. Baba yangu alibeba mawe ya banda lile. Ninapoegemea ukuta wake saa ya mapumziko, huwa nakumbuka mabega yake.

Ofisi ya walimu ni chumba kimoja chenye meza nyingi kuliko nafasi. Maktaba tunayo. Maabara ni moja kwa masomo matatu, kwa hiyo mwalimu wa fizikia akiingia na sumaku zake, mimi nasubiri barazani. Kuna tangi la maji, vyoo vya wasichana upande wake na vya wavulana upande wake, na pahali pa kusalia. Nje ya uwanja, mama wawili huuza bofulo, kachori na ukwaju, na hapo ndipo habari za kijiji hubadilishwa.

Jambo ambalo mgeni hulisahau ni kwamba mwanafunzi wetu hasomi pahali pamoja. Wengi huanza na chuo cha Kurani, wakaja skuli, na kwa sababu ya uhaba wa vyumba baadhi ya madarasa huingia mkondo wa asubuhi na mengine wa mchana. Wapo wanaotoka skuli wakaenda tena chuoni alasiri. Usiku, wakikaribia mtihani, hukusanyika kwenye nyumba yenye umeme wakasomeshana. Mtoto anayesinzia katika kipindi changu cha saa nane simpigii kelele. Namwambia akanawe uso, arudi.

Kwa mpangilio wa masomo, Zanzibar tuna njia yetu na pia tumefungamana na Bara. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliifupisha skuli ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na baada ya hapo huja miaka minne ya sekondari, kisha miwili ya juu kwa atakayefaulu. Mtihani wa kidato cha pili husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, lakini wa kidato cha nne na cha sita ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lile lililoundwa mwaka 1973. Kwa hiyo mtoto wa Mgogoni na mtoto wa Mwanza hufungua karatasi ile ile, siku ile ile. Masomo ni kama ya kwingine, ila kwetu Kiarabu na elimu ya dini vina uzito wake kwenye ratiba.

Ada hakuna. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na kila Septemba skuli zetu hukutana kwa michezo na sanaa kuiadhimisha siku hiyo. Vijana huona ni siku ya kushangilia timu. Mimi humuona bibi yangu, aliyekufa akiweka alama ya dole gumba kila alipotakiwa sahihi.

Enzi zake, mtoto wa Pemba aliyefaulu sana ilimbidi apande chombo, avuke bahari, akasome Unguja. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943, alipita njia hiyo: alianzia Uondwe, akaendelea Wete, halafu akaenda King George VI mjini Unguja, skuli ambayo sasa inaitwa Lumumba. Wengi wanamkumbuka kwa siasa, wakidhani "Maalim" ni jina la heshima tu. Jina lile lina chaki ndani yake. Alifundisha Lumumba, na akafundisha hapa Pemba kwenye skuli ya Fidel Castro, kabla hajakwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972. Baadaye akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Lumumba, Ben Bella, Haile Selassie, Fidel Castro: ukiyasoma majina ya skuli zetu kongwe, unajua miaka ile Zanzibar ilikuwa ikitazama wapi.

Leo mtoto wangu wa Mgogoni havuki bahari kutafuta sekondari. Anavuka kitu kingine, nacho ni lugha.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo linaloniumiza moyo. Mtoto anakuja kwetu na Kipemba chake, anakuuliza "vyereje?" na mtu kwake ni "ntu". Skuli ya msingi inamnyoosha aandike Kiswahili sanifu. Hesabu na sayansi, kwa ile sera ya 2006, zinageuka Kiingereza tangu darasa la tano, na akifika kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka. Nimewaona watoto wenye akili kali wakinyamaza mwezi wa kwanza na wasiseme tena mpaka mwaka unakwisha. Si kwamba hawajui. Muulize mtoto wa karafuu kwa nini hatuaniki siku ya mawingu, atakupa somo zima la unyevu, joto na ukungu wa kuoza. Muulize jambo hilo hilo kwa Kiingereza, atatazama miguu yake.

Siku ya makonyo nilifundisha kwa lugha zote mbili, na nitaendelea kufanya hivyo. Kwanza tulizungumza kwa Kiswahili, kwa sababu swali lenyewe ni gumu. Mafuta ya karafuu yakiwekwa motoni peke yake hayachemki mpaka joto lipite nyuzi 250. Maji yanachemka kwenye 100. Basi vipi mafuta yametoka katika sufuria ambayo haijafika hata 100 kamili? Walikwama. Nikawaita mbele wavulana wawili waisukume meza nzito, mmoja mmoja, kila mtu akashindwa. Nikawaambia wasukume pamoja. Meza ikaenda. Nikawaeleza kwamba maji na mafuta, kwa kuwa hayachanganyiki, kila kimoja kinatoa mvuke wake na kuusukuma juu kama mwenzake hayupo, na misukumo miwili ikijumlishwa huishinda hewa iliyo juu ya sufuria mapema kuliko kila mmoja ungeweza peke yake. Msichana wa mbele, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake, akasema: "Kwa hiyo maji yanayasaidia mafuta kutoka." Nikamwambia arudie kwa sauti. Ndipo tukaiandika kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, naye ndiye aliyeshika chaki.

Maneno ya sayansi kwa Kiswahili yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na nakala yangu imeshatoka jalada kwa kushikwa. Najua mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza, na sitaki mtoto wangu afike pale mtupu. Ninachokataa ni kumfanya aache mlangoni yale anayoyajua ili aruhusiwe kuingia darasani.

Baada ya somo lile tulikwenda Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Watoto walikaa kimya mbele ya matangi makubwa, kisha mmoja akanong'ona kwamba hii ni sufuria ya mwalimu, ila imekua. Ndivyo hasa. Mvuke unapita kwenye makonyo, unapozwa, mafuta yanakaa chini ya maji na kukusanywa. Karafuu yenyewe ina mafuta mengi zaidi, lakini ni ghali kuitia kwenye tangi. Makonyo ni yale tunayoyatenga wakati wa kuchambua, na bado yana mafuta ya kutosha kuendesha kiwanda. Waganga wa meno wanayatumia mafuta hayo, na watengenezaji wa manukato pia.

Karafuu hizo hizo ndizo zinazonipunguzia darasa. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha yetu imesimama, Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu la Zanzibar, na msimu ukikubali kila mkono unahitajika. Madawati yanabaki wazi. Zamani nilikuwa nawakasirikia wazazi. Sasa ninakwenda kwao jioni, nakaa jamvini, nachambua nao huku tukizungumza, na mara nyingi tunakubaliana: mtoto achume asubuhi iwapo yuko mkondo wa mchana, na siku ya jaribio asiguswe. Mzazi akiona mwalimu naye ana makonyo mikononi, mazungumzo huwa mepesi.

Ya michezo nitayapitia haraka. Wavulana ni mpira, wasichana ni netiboli, na mashindano ya UMISSETA kila mtu anayaota. Kuna klabu ya mazingira inayopanda mikoko, na kikundi cha kasida ambacho hutukusanyia wazazi wengi kuliko mkutano wowote siku ya mahafali.

Mdahalo ndio ninaousimamia mwenyewe, kila Alhamisi baada ya vipindi. Kanuni ilikuwa Kiingereza tupu, na waliosema walikuwa wale wale watano. Tukakubaliana Alhamisi moja iwe Kiingereza na inayofuata Kiswahili. Alhamisi ya kwanza ya Kiswahili mada ilikuwa kama msimu wa karafuu uwe likizo. Wasemaji walifika 19, jua likazama, ikabidi tusali Magharibi pale pale. Na jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba wiki iliyofuata, zamu ya Kiingereza, kumi kati yao walinyanyuka tena. Wengi wao walikuwa wasichana, na si ajabu, kwani katika sekondari za Zanzibar siku hizi wasichana ni wengi kuliko wavulana.

Ile chupa ya kwanza ya mafuta niligawa yaliyomo kwenye vichupa vidogo vya dawa vilivyooshwa, kwa waliokuja na vichupa. Msichana wa mbele alimpelekea bibi yake, ambaye jino lilikuwa likimsumbua. Asubuhi ya pili alinisubiri chini ya mwembe kabla rimu haijagongwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bibi amelalaje?"

"Amelala vizuri. Ila anauliza, makonyo yana mafuta, na majani je?"

Nikamwambia majani nayo yanayo, kidogo kuliko makonyo, lakini sitamwambia kiasi gani kabla hatujapima wenyewe. Jumatatu bibi alimtuma kaka wa yule msichana na polo zima la majani makavu. Liko mlangoni mwa maabara hivi sasa ninapoandika, linanukia, na wa fizikia ameshanilalamikia mara mbili kwamba hapati pa kupita. Zamu yetu ya chumba ni Jumatano.