Kuponi, Keshia na Utata wa Neno «Ununuzi»

Kuponi ni hati ndogo inayompa mnunuzi haki ya kupunguziwa bei. Huko Marekani desturi hii ni kongwe: mwishoni mwa karne ya 19 Coca-Cola ilikwisha kugawa kuponi za kinywaji cha bure. Kwa kuwa Wakongo wengi wasemao Kiswahili wamehamia nchi hiyo, maneno ya kuponi yanamhusu pia mfasiri wetu. Makala haya yanaeleza chanzo kimoja cha ubishi baina ya mnunuzi na keshia.

Kuponi nyingi za viwanda huruhusu kuponi moja tu kwa kila «purchase». Nyingine husema «transaction». Katika lugha ya kuponi, neno la kwanza lamaanisha kila kitu kinachonunuliwa. La pili, hesabu nzima inayolipwa mara moja kwa risiti moja. Tuseme mama amechukua sabuni 3, naye ana kuponi 3 za senti 50. Kwa sharti la kwanza atapunguziwa dola 1.50, kwa la pili, senti 50 tu. Keshia akiyachanganya maneno hayo, mama hupoteza dola nzima.

Hata hivyo, keshia ana sababu ya kujihadhari. Duka humpunguzia mteja kwanza, kisha hudai fedha hizo kiwandani. Masharti yakivunjwa, kiwanda chaweza kukataa kulipa. Hivyo basi, ukali wake si lazima uwe dharau.

Inafaa mnunuzi asome masharti kabla ya kufika kwenye malipo. Ubishi ukizuka, amwonyeshe keshia sentensi yenyewe na kumhesabia: vitu vitatu, kuponi tatu. Asiporidhika, aombe kwa upole msimamizi aitwe, na kanuni za duka zisomwe, maana duka nalo laweza kuweka mipaka yake. Likikataa kabisa, mnunuzi yu huru kuiacha bidhaa.

Je, mfasiri afanyeje? Akiandika «kuponi moja kwa kila ununuzi», atapotosha, kwani nomino «ununuzi» hutaja tendo wala haihesabu vitu. Msomaji ataelewa malipo yote kwa jumla. Afadhali aandike «kuponi moja kwa kila kitu kinachonunuliwa», na kwa sharti la pili, «kuponi moja kwa kila risiti». Maneno yanaongezeka kidogo, lakini haki ya mnunuzi inahifadhiwa.