Mshazari, Mstari Unaowashinda Watoto

Mchoree mtoto wa miaka mitatu mstari wima, kisha mpe kalamu. Atauiga. Mchoree wa mlalo, nao atauiga, ingawa utayumbayumba. Sasa mchoree wa mshazari, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Hapo mara nyingi ama atausimamisha ama ataulaza. Mraba wengi huuweza wakifika miaka minne au mitano, lakini ukiusimamisha mraba huohuo kwenye ncha yake, huwasumbua hadi sita au saba. Pande ni zilezile nne. Kilichogeuka ni mwelekeo tu.

Mwaka 1963 watafiti Rita Rudel na Hans-Lukas Teuber waliwapa watoto kazi ya kutofautisha mistari. Wima na mlalo haikuwatatiza. Walipowekewa mishazari miwili, mmoja ukiinamia kulia na mwingine kushoto, wadogo wengi walishindwa kabisa kuitofautisha.

Si uzembe wa mtoto. Wima anaufahamu mwilini mwake: ndiyo njia ya kila kinachoanguka. Mlalo ni sakafu anayolalia. Mshazari hauna shahidi wa namna hiyo, tena una pande mbili, na mtoto ambaye bado anavaa ndara ya kulia mguu wa kushoto atazishikaje? Hata mlalo wenyewe hushikwa polepole. Jean Piaget na Bärbel Inhelder waliwaomba watoto wachore maji ndani ya chupa iliyoinamishwa, na wengi wakayachora maji nayo yameinama, sambamba na kitako cha chupa. Jaribu nyumbani, kisha inamisha chupa yenyewe mbele yao.

Ndiyo maana siipendi sana ile chati ya ukutani inayogawa mistari sawasawa: wima, mlalo, mshazari, uliopinda, kila mmoja na kisanduku chake, darasa zima likiitikia kwa sauti. Wima wanaujua tayari. Muda ungeenda kwenye mshazari, na mwalimu mzuri wa mshazari ni ukili.

Tazama ukili kabla haujashonwa kuwa mkeka. Kingo zake mbili ni mistari sambamba. Hata ungeusuka hadi mlangoni, hazitakutana. Lakini chane zilizo ndani, vile vipande vyembamba vya majani vinavyosukwa, hazifuati kingo. Zinakwenda mshazari, na chane ikifika ukingoni msusi huikunja, ikarudi ikielekea upande wa pili. Chane moja, mishazari miwili. Zinapopishana hutokea vile vimraba vilivyosimama kwenye ncha zao, lile umbo lililomshinda mtoto kwenye karatasi.

Kwa hiyo usianze na kalamu. Mpe ukili wenye chane moja ya rangi, aweke kidole juu yake na kuifuata mpaka ukingoni. Kidole kikifika pale, mwulize: sasa inaelekea wapi?